Joto la chumba la Tanga si la kunywea mvinyo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu kuandaa meza ya sikukuu nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kipimajoto mkononi. Mwandishi wenu ametuambia mvinyo mweupe utoke kwenye friji na mwekundu unywewe "katika joto la chumba". Basi, akahamia kwenye pilau. Mimi ni fundi friji hapa Ngamiani, mwaka wa 31 huu, na kipimajoto kwangu ni kama futi kwa seremala. Nikakiweka juu ya meza ya sebuleni saa 10 jioni, feni inazunguka, madirisha wazi, kaskazi ndiyo hiyo imeshaanza kuvuma. Kikasoma nyuzi 32. Chupa iliyoshinda kabatini tangu asubuhi ilikuwa nyuzi 31.

Mvinyo wa nyuzi 31, Mhariri, hata uji wa mgonjwa huwa tunausubiri upoe kidogo.

Chumba kinachosemwa humo si chumba chetu. Ni chumba cha nyumba za mawe za Ulaya, zamani kabla ya mitambo ya kupasha nyumba joto, ambako mtu alikaa mezani na koti lake na chumba kikiwa nyuzi 16 au 18. Kwao kuacha chupa chumbani ilikuwa ni kuitoa kwenye baridi ya stoo ya chini ya ardhi ipate uhai. Kwetu ni kuipika. Mwekundu ukiwa na joto la hapa, unachokisikia kwanza ni pombe, inapanda puani kama spiriti ya kusafishia vyuma, na harufu ya tunda haiji tena. Ukiupoza mno nao, ukautoa kwenye nyuzi 4 za friji ukaumimina papo hapo, harufu inalala na ukakasi unakaza ulimi kana kwamba umeuma bibo bichi. Hapo katikati, nyuzi 15 hadi 18, ndipo unapoelewa umenunua nini.

Haya sikuyajua kwa kusoma. Mjomba wangu alikuwa mgema kule Tongoni, na utotoni kazi yangu ilikuwa kumshikia kibuyu akishuka mnazini na kotama yake. Tembo la alfajiri tamu, watoto tulionjeshwa kidole. Mchana linauma. Kesho yake ni siki. Mjomba alikuwa akikifukia kibuyu nusu kwenye mchanga mbichi chini ya kivuli ili lisimkimbie kabla ya wanunuzi kufika, na mteja aliyechelewa hakulalamika kwa mgema, alilalamikia jua. (Ya kutia maji siyasemi, marehemu hasemwi.) Mvinyo wa zabibu umeshamaliza kuchacha kabla haujatiwa chupani, kwa hiyo haukimbii kama tembo. Lakini joto halijaacha kuufanyia kazi. Sisi mafundi tuna kanuni ya kukadiria: ukipandisha joto kwa nyuzi 10, mambo mengi ya kikemia huenda kasi karibu mara mbili. Chupa iliyokaa nyuzi 32 haizeeki, inachakaa.

Na mimi mwenyewe nimeshawahi kuchakaza. Miaka sita iliyopita niliitwa Soni kutengeneza friji mbili za nyumba ya wageni. Nilipomaliza nikapita Sakharani, kwa watawa wa Kibenediktini, wanaouza mvinyo wao na karanga za makadamia. Nikanunua chupa tatu. Moja tuliinywa jioni ileile na mwenyeji wangu, nje, kila mtu na sweta, ukungu unashuka mlimani. Sijui niuelezeje mvinyo ule. Ulikuwa na uchachu wa kuamsha mate, kama ukwaju usioiva sana, na ukishameza unabaki na harufu ya zambarau. Mbili nikateremka nazo Mombo, Korogwe, Muheza, nimezipakata kama mayai, mpaka nyumbani. Nikaziweka wapi? Juu ya friji. Mimi, fundi friji! Ninayewaambia wateja kila siku kwamba friji haliumbi baridi bali hutoa joto la ndani na kulitupa nje, na nje penyewe ni mgongoni na juu yake. Zikakaa pale miezi mitatu, zinapashwa na kutikiswa na kompresa usiku na mchana.

Nilipozifungua Pasaka, kizibo cha kwanza kilikuwa kimeinuka hadi kinagusa karatasi ya juu, na mchirizi umekauka shingoni. Kioevu kikipata joto hutanuka, kikikosa pa kwenda kinasukuma kizibo. Rangi imeelekea kahawia, ladha zabibu kavu zilizochemshwa. Ya pili sikuwa na moyo nayo, nikaionja na kuiacha wazi jikoni wiki kadhaa, ikawa siki kweli, na mama watoto akaanza kuitia kwenye kachumbari. Jirani yangu, mzee wa msikitini ambaye kwa miaka yote tumeheshimiana yeye na chai yake mimi na glasi yangu, akaonja kachumbari ile, akauliza siki nimeitoa wapi. Nikamwambia ukweli. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka: "Fundi, kwa hiyo ukishindwa wewe ndipo sisi tunaruhusiwa?"

Tangu siku hiyo nikiingia dukani macho yangu hayaendi kwenye bei. Kuna duka moja mjini, silitaji, lenye dirisha la kioo linaloangalia machweo. Chupa zimesimamishwa pale kwa pambo, na baadhi ni za kioo cheupe kabisa ambacho hakizuii mwanga hata kidogo. Mwezi wa kumi nilishika moja saa 11 jioni, ilikuwa na joto la mkono wa mgonjwa wa homa. Bei Sh25,000. Nikamwita binti wa dukani aishike na yeye. Akaishika, akanitazama kwa huruma, akasema, "Baba, waini haiozi, ikikaa ndiyo inanoga."

Dhana hiyo, Mhariri, ndiyo ningependa mwandishi wenu angeisahihisha kabla ya joto la chumba. Mvinyo unaonoga kwa kukaa upo, ila ni mchache, unauzwa ghali, na unakaa gizani kwenye ubaridi usiobadilika, chupa imelazwa ili kizibo kisikauke. Huu wetu wa Sh15,000 au Sh25,000 umetengenezwa unywewe mapema, ndani ya mwaka mmoja au miwili mitatu. Ukiona mwaka wa mavuno kwenye karatasi yake ni wa zamani, usidhani umeokota dhahabu ya mababu. Umeokota chupa iliyoshindikana kuuzwa.

Anayeonewa zaidi ni mvinyo wa Dodoma. Nina ndugu wa mke wangu kule, na Julai moja tulikunywa mwekundu wa Makutupora nje ya nyumba, usiku wa baridi ya kutetemesha. Nikaupenda. Nchi ile imezoea mzabibu tangu wamisionari walipoupanda Bihawana katika miaka ya 1950, na hali ya hewa yake inawawezesha kuvuna mara mbili kwa mwaka. Lakini chupa ileile, jina lilelile, nikiinunua hapa mara nyingi ni ile hadithi ya zabibu za kuchemsha. Imepita Morogoro, Chalinze na Segera, karibu kilomita 600 chini ya turubai, kisha imefika kwenye dirisha la machweo. Halafu mtu anakaa baa anasema mvinyo wa nyumbani haufai, bora wa Afrika Kusini, ambao nao ukiusimamisha dirishani pale unakuwa vilevile.

Siku hizi nanunua kwa muuzaji mmoja anayeweka katoni sakafuni, chini ya ngazi, kwa sababu tu hana nafasi kwingine. Hajui kwamba ndiye mwenye stoo bora mjini. Namwomba chupa ya ndani ya katoni, siyo ya rafu. Napitisha kidole juu ya kizibo kuona kama kimeinuka, natazama shingo kama mvinyo umepungua au umevuja. Yenye kifuniko cha kuzungusha naichukua bila kuona haya. Kuna watu wanaidharau kwamba ni ya wasio na kizibuo. Kifuniko hicho hakikauki, hata chupa ikisimama.

Nyumbani nina friji bovu la baa moja, nililolipata kwa bei ya chuma chakavu. Kompresa nzima, iliyokufa ni themostati. Badala ya kurudisha ya aina yake nikafunga kidhibiti joto kile kinachouzwa kwa mashine za kutotoleshea vifaranga, nikakiweka nyuzi 14. Chini nimepanga madumu mawili ya maji ili umeme ukikatika baridi isikimbie haraka. Linabeba chupa 22. Mke wangu analiita kitalu cha baba.

Simtarajii msomaji wa kawaida afanye hayo. Ila ule ushauri wa vitabuni wa kuweka mwekundu kwenye friji nusu saa nimeupima nao, haututoshi. Kutoka nyuzi 31 hadi 17 friji langu la chakula lilichukua dakika 70. Ndoo yenye maji na barafu, nusu kwa nusu, ilichukua robo saa. Barafu tupu bila maji inachelewa, kwa kuwa inaigusa chupa hapa na pale tu, maji yanaikumbatia yote. Kitambaa kibichi na upepo, ule ujanja wa mtungi wa bibi, Dodoma kwenye hewa kavu unafanya kazi vizuri. Hapa Tanga wakati wa kaskazi hewa yenyewe imelowa, utapata nyuzi mbili tatu uchoke kusubiri. Na chupa ikibaki nusu, uhamishie mvinyo kwenye chupa ndogo ujae hadi shingoni hewa ikose nafasi, kisha friji. Siku tatu nne utaukuta mzima.

Sendoff ya binti yangu ni Februari, katikati ya miezi ya joto kali, kwenye ukumbi wenye friji moja ambalo nimeshalitengeneza mara tatu na silioni likivuka mara ya nne. Nimeshaagiza mapipa mawili na barafu ya wavuvi kutoka soko la samaki la Deep Sea, na shemeji amepewa kazi ya kushika kipimajoto, hatakiwi kucheza mpaka mwekundu usome 17. Mwandishi wenu nimemtengea kiti karibu na mapipa.

Jina langu na namba mnavyo, naomba msivichape. Nina wateja wa kila dini.

Fundi Friji,
Ngamiani, Tanga