Mimbari bila Anis

Ngamiani, Tanga

Ndugu yangu na malenga mwenzangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku tu wazima wa afya, hofu ni kwenu mlio ng'ambo, hasa kwa Bi Mkubwa, ambaye nimeambiwa kifua chake kimetulia. Ningekusalimu kwa kirefu kama ilivyo ada yetu, lakini arobaini ya marehemu mwalimu inakaribia, na wanawe hunijia kila baada ya sala ya isha kuniuliza kama umekwisha kumtungia baba yao maombolezo. Nimeishiwa na majibu.

Nimepata habari kwamba umewajibu kuwa mtu uliyelumbana naye tangu enzi za mashairi ya redioni huwezi kumtungia maombolezo bila ya watu kukucheka. Jibu hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika, kwa sababu mimi naona kuwa hakuna anayestahili kumwombolezea malenga kuliko yule aliyeshindana naye. Ushahidi wangu hautoki Pemba wala Tanga, bali Lucknow, kule India.

Unamkumbuka yule tajiri wa Kikhoja niliyekuwa karani katika duka lake la vitambaa, ambaye kila Muharram alifunga duka mapema akaenda kwenye majlisi ya maombolezo? Yeye ndiye aliyenisomea Kiurdu cha Mir Anis na kunifafanulia ubeti baada ya ubeti, huku wateja wakingoja kupimiwa khanga. Mir Babar Ali, maarufu kwa lakabu ya Anis, alizaliwa Faizabad, India, mwanzoni mwa karne ya 19, katika ukoo uliorithishana ushairi kama wengine wanavyorithishana minazi. Babu yake Mir Hasan alikuwa mtunzi mashuhuri, baba yake Mir Khaliq alitunga marsia, yaani tenzi za kuwaombolezea mashahidi wa Karbala, na Anis mwenyewe alijigamba kwamba umri wake umepita akisafiri katika jangwa hili, na kwamba yeye ni kizazi cha tano katika kumsifu Hussein, mjukuu wa Mtume aliyeuawa Karbala. Wafalme hakutaka kuwasifu. Aliuliza katika shairi lake vipi atamsifu mwingine, naye ni msifu wa Hussein.

Wewe ulizoea kusema kwamba marsia ni kilio kitupu. Nakuomba uisikilize ile marsia yake ya alfajiri ya Ashura, siku aliyouawa Hussein, inayoanza kwa jua kumaliza safari ya usiku. Imamu anawaamsha wenziwe kwa sala, upepo unavuma, na nyasi za jangwani zimejaa lulu za umande. Hakuna damu bado, wala hakuna anayelia. Kisha Anis anasema kwamba kwa kuwa miti ya bustani ya Zahra, mama yake Hussein, ilikuwa na kiu ya maji, umande ulivijaza vikombe vya mawaridi. Wajukuu wa Mtume wamezuiliwa mto Furati, watoto hemani hawana tone la maji, na maua yamefurika. Tajiri wangu alipofika hapo aliweka kitabu juu ya kaunta akavua miwani, na mteja akaondoka na khanga bila ya kulipa.

Ndivyo marsia yake inavyokwenda: mandhari kwanza, kisha kuagana na jamaa hemani, shujaa kuingia uwanjani na kujitambulisha kwa majigambo, vita, kufa shahidi, na kilio kinakuja mwisho kabisa, kikiwa kimekwisha kulipiwa. Kila ubeti una mishororo 6, minne ya kwanza kwa kina kimoja na miwili ya mwisho kwa kina kingine, na ile miwili ndiyo inayokukata. Umbo hilo alilokomaza likachukuliwa na waliomfuata, akiwemo mshairi Hali katika musaddas yake, yaani shairi la mishororo sita sita, ya mwaka 1879. Na husimuliwa kwamba Anis hakuimba. Alikaa juu ya mimbari, karatasi mkononi, akasoma kwa sauti ya kawaida, na ishara zake zilikuwa za jicho na za mkono ulionyanyuliwa kidogo tu. Marehemu mwalimu naye alikuwa hapandishi sauti. Unalijua hilo kuliko mimi.

Sasa nije kwa Mirza Dabeer, ambaye kwa ajili yake nimeandika yote haya. Alikuwa wa rika moja na Anis, mtunzi wa marsia vilevile, katika mji huohuo, naye alipenda maneno mazito na mafumbo ya kielimu, ilhali Anis alipenda ufasaha unaotiririka. Lucknow iligawanyika kwa ajili yao, hawa wakiitwa watu wa Anis na wale watu wa Dabeer, na ugomvi huo haukuzikwa pamoja nao, kwani mwaka 1907 mhakiki Shibli Nomani alichapisha kitabu kizima cha kuwapima wawili hao na mizani ikamwelemea Anis. Mimi ningekuwa wa Anis, na wewe, kwa unavyopenda kuazima kamusi yangu bila ya kuirudisha, ungekuwa wa Dabeer. Usikasirike. Sisi angalau tuligombania vina vya kati bila ya kugawa mtaa, ingawa ule usiku wa Maulidi pale Chake... basi, hayo tuyaache.

Mwaka 1856 Waingereza walimwondoa Wajid Ali Shah katika kiti cha Awadh, ufalme ambao Lucknow ilikuwa mji wake mkuu, mwaka uliofuata yakazuka yale maasi makubwa dhidi yao, na mji uliokuwa ukiwalisha washairi ukavunjika. Anis, ambaye hakuwa na desturi ya kusomea nje ya Lucknow, akalazimika kusafiri hadi Patna, na uzeeni, mwaka 1871, akaenda Hyderabad. Alifariki mjini kwake Disemba 1874 akazikwa penye makazi yake. Na unajua nani alimtungia tarehe ya kifo, yaani ubeti ambao herufi zake zikihesabiwa hutoa mwaka wa msiba? Dabeer.

Alisema: mbingu bila mwezi mpevu, Sidra, ule mkunazi wa mbinguni, bila Ruhul Amin, mlima wa Sinai bila Kalimullah, na mimbari bila Anis. Nimeihesabu kwa abjadi, ile hesabu inayoipa kila herufi ya Kiarabu thamani yake, kama tulivyofundishwa chuoni: mshororo wa kwanza unatoa 929, ikiwa alifu ya mwanzo yenye madda utaihesabu mara mbili, na wa pili unatoa 945. Jumla ni 1874. Mtu aliyeshindana na mwenzake umri mzima alikaa akapanga herufi moja moja mpaka mwaka wa msiba ukatimia, na miezi michache baadaye, mwaka 1875, akamfuata. Wapo watakaosema amepita mpaka kumweka Anis safu moja na Jibrili, ndiye Ruhul Amin, na Musa, ndiye Kalimullah. Mimi naangalia ufundi wake: hakuna neno hata moja la kumsifu Anis. Anataja mahali, kisha anataja aliyekosekana pale, basi.

Kwa nini wewe usifanye hivyo? Sikuombi useme kwamba marehemu alikuwa bora kuliko wewe, maana najua kwamba huamini, naye pia hakuamini kwamba wewe ulikuwa bora. Je, kuna mwingine aliyebaki anayeweza kueleza alivyokuwa akikata mshororo? Nani mwingine anazo zile barua zake za majibizano? Je, utatumia bahari ya utenzi au shairi la tarbia? Utasoma mwenyewe? Na je, ni kweli kwamba alikutumia ubeti wa kukutaka radhi Ramadhani iliyopita, nawe hukumwonyesha mtu?

Ukiamua kuja, niarifu siku ya boti nikupokee bandarini. Usipokuja, mpe mpwa wangu beti hizo azilete na azisome, ingawa unajua anavyokimbiza mizani.

Nisalimie wote nyumbani, na umwambie Bi Mkubwa kwamba dawa yake ya mafuta ya habasoda nimeipata.

Wako katika heri na shari,
Nduguyo wa Ngamiani