Zuhura, usikiachie kijitabu kwanza

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, kwako na kwa wanao na kwa Bi Mkubwa. Huku hatujambo. Mwanaidi anakusalimu na kanga zake anazikumbuka bado. Mengine nitakuletea siku nyingine, maana umesema kijitabu cha afya ulichokitafsiri kutoka Kiingereza kinakwenda kwa mpiga chapa Ijumaa, nami nakuomba sana usikiachie.

Kiswahili chako kimenyooka. Tatizo liko kwenye maneno mawili tu, "mtoto mchanga". Umeyaweka kwa "newborn", ukayaweka kwa "infant", na ukurasa wa 6 ukayaweka tena kwa "toddler". Anayesoma Kiingereza anaona watoto watatu pale. Mama wa kliniki atamwona mmoja, na vipimo vya dawa vimepangwa kwa kuwatenganisha hao watatu.

"Newborn" kwa watu wa afya ni siku 28 za mwanzo, basi. Madaktari wakiandikiana husema "neonate", ni yuleyule. Najua mkono utakuwasha uandike "ambaye hajatoka arobaini", na kila mama angelielewa mara moja, lakini arobaini inazidisha siku 12. Andika "kichanga, tangu kuzaliwa mpaka atimize siku 28". Na njiti ni habari nyingine kabisa: njiti ni aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37, haituambii leo ana umri gani.

Sasa "infant", ndilo linaloponza wengi. Kwenye takwimu za vifo vya watoto ni asiyetimiza mwaka mmoja. Kwenye tiketi ya ndege ni asiyetimiza miaka 2, yule wa kupakatwa. Katika shule za Uingereza "infants" ni watoto wa kama miaka 5 hadi 7, wana sare na madaftari. Na katika sheria ya zamani ya Uingereza "infant" alikuwa yeyote ambaye hajafika miaka 21, mpaka sheria ya mwaka 1969 ilipoushusha umri huo hadi 18 na neno "minor" likashika nafasi. Kwa hiyo ile hati ya Mzee Salum uliyonigusia, kama ni Kiingereza cha zamani cha wanasheria, usije ukaandika humo "mtoto mchanga". Huenda anayetajwa ni kijana mwenye ndevu! Katika kijitabu chako ni habari ya afya, basi ni chini ya miezi 12. Ila ukurasa wa 8, penye ulishaji wa "infants and young children", wote wawili kwa pamoja wanaishia kabla ya miaka 2. Umeandika "watoto wachanga na watoto wadogo", na mama mwenye mtoto wa miaka 4 atadhani anaambiwa yeye.

"Toddler" linatokana na kutembea kwa kuyumbayumba. Umefikiria "anayesimama dede", nimeona umelikata kwa kalamu, na ulifanya vizuri kulikata. Dede huja kabla ya hatua ya kwanza, wengi hawajafika hata mwaka. "Toddler" ni tangu atimize mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 3. Liandike hivyohivyo, kwa tarakimu, hata kama sentensi inakuwa ndefu.

Lakini hata hapo, Zuhura, neno halitoshi. Dawa ya minyoo, albendazole, ni miligramu 200 kwa mwenye miezi 12 hadi 23, na 400 kuanzia miezi 24. Wote ni "toddler"! Vidonge vya zinki kwa mtoto anayeharisha, kwa kipimo kilichozoeleka: miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6, na 20 kuanzia miezi 6, siku 10 hadi 14. Hapo naye "infant" amekatwa katikati. Ndiyo maana nakusihi kila penye kipimo weka miezi, usimwachie mama neno peke yake.

Halafu "under five". Umeandika "hadi miaka mitano". Hapana, anaishia miezi 59, na hiyo "hadi" yako imemwingiza aliyekwisha timiza mitano. Andika "ambaye hajatimiza miaka 5". Na "two-year-old" ni aliyetimiza miwili. Umemwita "wa mwaka wa pili", ambaye kwetu ndiyo kwanza ana mwaka mmoja na miezi. Pitia kijitabu chote kwa kosa hili, ni rahisi kupita bila kuonekana.

Kwa wakubwa: "teenager" limefungwa ndani ya hesabu ya Kiingereza, namba zinazoishia na "teen", kuanzia "thirteen" (13) hadi "nineteen" (19). "Adolescent" la Shirika la Afya Duniani ni miaka 10 hadi 19. Wizarani wanasema "vijana balehe", na wewe umefuata. Ila kwetu kubalehe ni tukio, mtu amebalehe au bado. Mama ambaye bintiye hajavunja ungo atauruka ukurasa ule, na ndio ukurasa wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inawalenga hasa wasichana wa miaka 9 hadi 14! Weka "wasichana wa miaka 9 hadi 14" kwenye kichwa cha habari chenyewe, kwa herufi nene.

"Youth" liache "vijana", lakini taja miaka. Umoja wa Mataifa huhesabu 15 hadi 24, mkataba wa vijana wa Afrika 15 hadi 35, katiba ya Kenya 18 hadi kabla ya 35. Na katika ile barua yako ya Kiingereza kwa wafadhili, toa "kids", ni neno la nyumbani, weka "children". "Juvenile" nalo litoe, linanuka mahakama.

Sasa niambie. Asili ya Kiingereza ina jedwali la umri mwishoni, au uliletewa kurasa tupu? Nani anakagua vipimo kule kliniki, ni yule yule Sista? Mpiga chapa atakubali kungoja mpaka Jumatatu, au nimwombe Hamisi aongee naye? Na ukurasa wa 11, pale penye "older child", waliokuletea walisema miaka mingapi? Hilo mimi na wewe hatuwezi kulibuni. Waulize leo, kisha nipigie baada ya magharibi.

Wako,
Rehema