Divisheni three sio kufeli: barua kwa mdogo wangu wa Texas

Marahaba mdogo wangu, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafika mstari wa pili.

Jumapili ulivonipigia unalia kwa furaha kwamba mtoto kaandikiwa na kocha wa besiboli wa chuo kikubwa, Divisheni wani kabisa, daraja la juu la michezo ya vyuo huku, nlishindwa kukujibu palepale nikasingizia mboga inaungua. Haikuwa inaungua. Nlikuwa natafuta namna ya kukwambia ile sio barua ya kumtaka mtoto, ni tangazo la biashara, la kambi ya mazoezi ya kulipia. Nimeamua niandike hapa wazi bila kukutaja jina kwa sababu we ni wa tatu mwaka huu kunipigia na barua ya aina ileile, na sisi Waswahili wenye watoto wa besiboli huku Marekani hatuna hata wa kumuuliza, wazee wetu walijua kandanda na netiboli basi.

Sikiliza. Mwanao yuko darasa la kumi. Sheria ya NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo huku, hairuhusu kocha wa besiboli wa Divisheni wani aanze kuongea na mtoto habari za kumsajili mpaka tarehe 1 Agosti kabla hajaanza darasa la kumi na moja. Tangazo la kambi je? Hilo anaruhusiwa kulituma saa yoyote kwa mtoto yeyote mwenye imeili. Ndo maana barua inasema kocha "amevutiwa" na uchezaji wake afu chini kabisa kuna sehemu ya kuweka kadi ya benki. Angemtaka kweli angempigia simu kocha wa timu yake.

Sisi tuliliwa, sikufichi. Mwaka 2022 mwanangu na yeye alikuwa na umri huo, ikaja barua, baba yake akaendesha gari masaa tisa, tukalipa kambi, tukalipa hoteli usiku mbili, tumefika uwanjani tunakuta watoto wamejaa kama shule ya msingi siku ya kufunga. Kocha mkuu alikaa dakika kama ishirini akaondoka. Mwanangu alikimbia zile yadi 60 kwa sekunde 7.2, wenzake wanaotafutwa na vyuo vile wanakimbia 6.7, na hakuna mtu aliyemwambia kitu, walimpa tu fulana. Ile fulana mpaka leo nafutia meza.

Sasa tuje kwenye hizi divisheni, maana hapa ndo tunapochanganyana na nyumbani. Mama nlipomwambia mjukuu wake anaenda kucheza Divisheni three alinyamaza kidogo afu akauliza kwa sauti ya chini, "kwani mtoto alikuwa haumwi siku ya mtihani?" Kwake yeye divisheni ni za kidato cha nne, wani ya pointi saba ndo kichwa, three ni pole mwanangu. Nimemweleza mpaka nimechoka. Divisheni za huku zinapimwa kwa ukubwa wa michezo na hela yake, sio kwa masomo. Williams, Amherst, Bowdoin, MIT, Johns Hopkins, Chicago, vyote hivyo besiboli yao ni Divisheni three, na watoto waliojaa humo ndo haohao wa wani ya saba.

Divisheni three haitoi skolashipu ya michezo hata senti tano. Najua umeshtuka. Na Harvard, Yale, Princeton na wenzao watano wa Ivy League, lile kundi la vyuo vikongwe vyenye jina, ambao wao wako Divisheni wani, nao hawatoi. Ila hiyo skolashipu ya besiboli unayoisikia kwa majirani, miaka yote timu nzima ya Divisheni wani ilikuwa na skolashipu 11.7 tu, zinagawanywa kwa wachezaji mpaka 27, kwa hiyo mtoto anaesemwa "kapata skolashipu" mara nyingi alipewa sehemu tu ya ada, hata robo, na iliyobaki akalipa mzazi. Tangu 2025, baada ya ile kesi ya House, ya wanamichezo kuishtaki NCAA, vyuo vilivokubali makubaliano vimeondolewa kikomo cha skolashipu lakini timu isizidi watu 34, na nafasi nyingi kati ya hizo 34 makocha wanajaza vijana wa miaka 21, 22 wanaohama kutoka vyuo vingine, wameshaota ndevu. Mwanao wa miaka kumi na sita ashindane na hao?

Pesa iko kwingine kabisa. Harvard na MIT tangu mwaka wa masomo 2025 familia yenye kipato chini ya dola 200,000 kwa mwaka, kama mali zao ni za kawaida, hailipi ada ya masomo. Hakuna anaekuuliza mtoto anarusha mpira maili ngapi. We na shemeji mkijumlisha mishahara yenu mko chini ya hapo na najua mko chini kwa sababu ni juzi tu umenikopa, haha. Kila chuo kina kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake, kaa na shemeji usiku mmoja mjaze, mwambie alete karatasi zake za kodi asizifiche.

Kwa hiyo gongo la kupigia mpira linatumika kufungua mlango, hela inalipwa na mfuko mwingine. Na mlango unafunguliwa hivi. Mtoto akimaliza darasa la kumi na moja, kuanzia tarehe 1 Julai, kocha wa vyuo hivi anaemtaka kweli anaomba transkripti, yaani karatasi ya matokeo yake ya shule, na alama za SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, anazipeleka kwa watu wa admisheni, wale wanaochagua wanafunzi, wamwambie kama mtoto anapitika. Wenyewe wanaita "pre-read". Ndo maana SAT ifanywe mapema, isingoje Agosti, MIT na Dartmouth na Harvard wamesharudisha sharti la mtihani. Majibu ya "pre-read" yakiwa mazuri bado hujamaliza, na hapa ndo tulipojikwaa mara ya pili.

Kocha mmoja alimpenda mwanangu sana, anampigia kila wiki, "tunakuona kwetu", mi nikaanza kutafuta bei ya makoti ya baridi. Kumbe kocha anapewa idadi ndogo tu ya majina ya kuyasukuma kwa admisheni, na la kwetu hakuwa kalipanga humo. Tumekuja kujua Septemba, baada ya mtoto mwenyewe kuuliza. Swali ni hili, na aliulize mwanao sio wewe: "Nikituma maombi ya mapema kwako, jina langu utalisukuma kwa admisheni?" Akijibu kwa kuzungukazunguka, jibu ni hapana. Akisema ndio, basi kwenye vyuo vingi mtoto anaomba mapema kwa mkataba, mwanzoni mwa Novemba, majibu yanatoka Desemba, na akikubaliwa lazima aende, ndo maana kile kikokotoo mkijaze kabla. Ivy kocha anaweza kuomba mtoto apewe barua ya matumaini, ya kumwambia kwamba huenda atakubaliwa, kuanzia Oktoba. MIT ni watu wa peke yao, kocha anaweza kukusemea ila uamuzi sio wake hata chembe.

Mwanangu alienda chuo kingine, kidogo, baridi kali, anacheza beisi ya pili na anasoma kemia. Kocha wa kule alimuona kwenye kambi ya pamoja ya vyuo vya masomo, zile ambazo makocha wengi wanakuja kwa siku mbili na wao wenyewe ndo wanaongoza timu za watoto, hiyo ndo kambi ya kulipia. Kaniambia baadae alichomkumbuka nacho: alipigwa straiki autu, yaani katolewa bila kuupiga mpira, mara mbili afu akaenda kumwokotea kecha, yule mdakaji wa wapinzani, helmeti yake.

Jambo lingine. Kocha akija kumsalimia mwanao, amtazame machoni. Najua tumemfundisha kuinamisha macho kwa mkubwa, na nyumbani aendelee hivohivo, lakini huku wanadhani mtoto hajiamini. Na zile imeili aandike mwenyewe. Mi nliandika tatu kwa jina la mwanangu, kocha mmoja akamuuliza kwa simu kuhusu sentensi iliyokuwemo, mtoto akabaki anahema tu.

Akikwambia hataki Divisheni three kwa sababu anataka kwenda ligi kuu, mwambie amtafute Kyle Hendricks. Dartmouth, mmoja wa hao Ivy, bila skolashipu ya mpira, mrushaji asie na kasi ya kutisha, na ndie aliyeanza kurusha mchezo wa saba wa fainali ya ligi kuu ya 2016, timu yake ya Cubs ilipochukua kombe. Ni mmoja kati ya wengi sana, hilo nalo mwambie.

Transkripti yake nitumie WhatsApp leo, na ile video yake yenye muziki wa Diamond iondoeni muziki, iwe dakika mbili, mpira wa kwanza uonekane ndani ya sekunde tano. Kadi ya benki irudishe kwenye pochi. Msalimie shemeji.

Dada yako