Sangara mmoja, ramani nzima

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Mi nauza dagaa Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, miaka 20 sasa.

Juzi kati alikuja mwalimu wa jiografia wa chuo kikuu na vijana wake, anafundisha mambo ya mazingira na chakula. Nikasema haya, wa dodoso hao, unajibu maswali kurasa sita jua la utosi halafu humuoni tena mtu. Huyu kumbe tofauti, alinunua sangara akamlaza mezani akawauliza vijana huyu anaishia wapi, wakasema minofu Ulaya, bondo, lile fuko la hewa la tumboni, China, akauliza na hapa je? Kimya. Nikadakia mimi, panki ndo letu, yaani kichwa na mifupa baada ya minofu kutolewa, na akitiwa chumvi anakuwa kayabo anavuka Congo.

Basi ikawa darasa. Kwamba sangara alipandikizwa humu Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akala furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, mpaka aina nyingi zikapotea, tena vile ana mafuta haanikwi juani akakauka kama furu, anataka moshi, moshi unataka kuni, na miti ikakatwa. Jamani mi nimekaa na samaki miaka yote hiyo sijawahi kuunganisha sangara na vilima vyenye upara!

Wakauliza dagaa. Nikawaambia zile za kuanika chini zikishika mchanga wanabeba wa chakula cha kuku, za chanja, zilizoanikwa juu ya kichanja, ndo za watu, lakini wa kuku wakizidi hata hizo za watu bei inapanda na mama wa Igoma anapunguza kipimo cha mboga ya watoto. Wakaandika hilo wote.

Mwanangu yuko fomu tuu, anakariri bonde la Tennessee kule Marekani na viwanda vya Ruhr kule Ujerumani, muulize dagaa kwa nini wanavuliwa usiku wa giza hajui, na ada yake inatoka humohumo kwenye dagaa.

Sasa ombi langu kwa yule mwalimu na wenzake wote, mkimaliza utafiti wenu msiufungie kabatini kwa Kiingereza. Rudini mtusomee kwa Kiswahili, hata mkikuta mmetukosea tutawaambia palepale. Njooni siku za mbalamwezi, dagaa wanavutwa na taa gizani, mwezi ukiwaka mitumbwi haiendi, meza ziko tupu na sisi tumekaa tu.

Mama Dagaa,
Kirumba, Mwanza