Matuta ya ufukweni: fungeni vijia kabla ya kupanda

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuseme neno kuhusu vikundi vya wananchi vinavyojitolea kurudisha matuta ya mchanga ufukweni. Nia yao ni njema na nguvu wanazo, ila kazi nyingi huanzia mwisho. Miche hupandwa kwa siku moja, picha zikapigwa, na msimu wa upepo mkali ukifika miche imelala, mizizi nje. Lawama huangukia miche au jua. Ukweli ni kwamba mchanga ulikuwa bado unakimbia, na kilichoukimbiza hakikuguswa.

Mara nyingi kinachoukimbiza ni kijia cha miguu. Mchanga mkavu huanza kusogea upepo ukifikia mwendo wa kama mita 5 au 6 kwa sekunde, na punje nyingi hurukaruka chini kwa chini, hazipiti goti. Majani mafupi tu yanatosha kuzikamata. Watu wakipita pale pale kila siku majani hufa, na kijia kilichonyooka kuelekea baharini hugeuka mfereji wa upepo: hewa inabanwa, inaongeza kasi, inachimba. Upenyo wa mtu mmoja huishia kuwa pengo la kupitisha gari. Basi kwanza hesabuni vijia, bakizeni kimoja au viwili, vingine vifungwe kwa matawi makavu. Kinachobaki kipindwe, mdomo wake usielekee upepo wa baharini. Penye watu wengi pajengwe ngazi au kivuko cha mbao juu ya nguzo. Msifunge vyote, maana watu watatoboa vyao usiku.

Uharibifu wa namna hii una historia ndefu. Mwaka 1695 Bunge la Uskoti lilipiga marufuku kung'oa nyasi za matuta, zilizokuwa zikitumika kuezekea nyumba. Mwaka mmoja nyuma mchanga ulikuwa umefukia mashamba ya Culbin, huko huko Uskoti.

Vijia vikishafungwa, mchanga ukamatwe kwa uzio. Uzio huu si ukuta. Unatakiwa uwe karibu nusu wazi, ili upepo upite lakini uishiwe nguvu na kuangusha mchanga pande zote mbili. Mabati au mbao zilizobanana ni kosa tunaloliona mara kwa mara: upepo ukigonga kitu kizima hujikunja na kuchimba miguuni pake, na muda si mrefu uzio unaning'inia juu ya shimo. Fito na matawi makavu vinafaa. Nguzo ya mita 1.8 ikizikwa sentimita 60 hubakiza mita 1.2 juu, na hiyo inatosha. Uwekwe juu ya mstari wa takataka zilizoachwa na maji ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ukishushwa chini ya hapo, bamvua lijalo litaondoka nao. Mchanga ukifikia theluthi mbili za uzio, ongezeni mwingine juu yake. Nyavu za plastiki msizitumie kabisa, kwa sababu zikichakaa hunasa wanyama. Kasa wanapotaga, uzio mrefu usiokatika huwazuia kupanda na kurudi. Utaratibu unaotumika Florida, Marekani, ni wa vipande vya mita 3 hivi vilivyowekwa mshazari, vikiachana kwa kama mita 2.

Hapo ndipo zamu ya mimea. Katika fukwe za joto hakuna wa kushindana na ule mmea unaotambaa wenye maua ya zambarau na majani ya umbo la kwato za mbuzi (Ipomoea pes-caprae). Mvua ikianza, kata vipande vya sentimita 40 au 50 kutoka mashina mbalimbali, kidogo kidogo, usiunyonyoe mmea mama. Punguza majani, bakiza mawili ya nchani. Chimba mpaka ukute mchanga wenye rangi nzito unaoshikana ukiufumbata, kisha laza kipande humo, vifundo vitatu au vinne vikiwa chini, ncha nje, na ukanyage. Mizizi hutoka kwenye vifundo. Anayechomeka kipande wima katika mchanga mkavu amepanda kuni.

Kwingine kuna nyasi zake, na zifuatwe za hapo hapo. Nyasi za matuta za Ulaya (Ammophila arenaria) hustahimili kufukiwa karibu mita moja kwa mwaka, na sifa hiyo ndiyo iliyowafanya watu wazipeleke California na New Zealand. Huko zimesonga mimea ya asili, na kuziondoa leo ni kazi kubwa kuliko ilivyokuwa kuzipanda. New Zealand yenyewe ina nyasi yake iitwayo Spinifex sericeus, ambayo dume na jike ni mimea tofauti. Ukichukua vipandikizi vyote kwenye shina moja hutaona mbegu ng'o.

Kuhusu mvinje tunajua tutagombana na wengi. Unakua haraka na kivuli chake kizuri, lakini zulia la majani yake hukandamiza nyasi zinazoshika mchanga, na mawimbi yakifika shinani huanguka na tuta lake. Miti ikae nyuma ya tuta, nyasi mbele.

Usafi nao ufanywe kwa akili. Plastiki iokotwe kwa mkono, mwani uachwe: ndiyo mbolea ya ufukwe, na mchanga huanza kujikusanya nyuma yake. Trekta la kusafisha hubeba vyote viwili, pamoja na kituta kilichokuwa kinazaliwa.

Dhoruba ikikata uso wa tuta wima, msikimbilie kumwaga kifusi wala kujenga ukuta. Mchanga ule haujapotea wote. Sehemu kubwa imelala kwenye mafungu ya mchanga majini karibu na pwani, na mawimbi ya utulivu huurudisha pole pole. Ukuta hurudisha nguvu ya wimbi na kuchimba ufukwe ulio mbele yake. Ngojeni mchanga urudi, lazeni matawi chini ya mkato, pandeni tena.

Mwisho ni vipimo. Pigeni vigingi vyenye alama za sentimita, kimo cha mchanga kiandikwe kila baada ya miezi 3, na picha ipigwe kutoka sehemu ile ile. Theluthi ya miche ibaki kitaluni kwa ajili ya kuziba mapengo, na kazi ihesabiwe kuwa ya miaka 2 au 3, si siku moja. Wafadhili na halmashauri wanaoomba idadi ya miche iliyopandwa, tunawaomba waombe daftari la vigingi.

Ni sisi wasomaji wako,
Wahifadhi wa fukwe wa kujitolea