Meru: ratiba imebadilika

Wapendwa, habari za jioni. Najua mlisubiri picha za kileleni Mlima Meru. Hatukufika.

Mvua ilinyesha usiku kucha pale Miriakamba, kituo cha kwanza cha kulala. Asubuhi askari wa hifadhi, yule anayetembea na bunduki kwa ajili ya nyati, akasema njia ya kupanda Saddle, kituo cha pili, inateleza mno kwa kundi lenye wageni wa mlima. Nikakubaliana naye, tukashuka. Uamuzi ni wangu, mwenye dukuduku anipigie mimi.

Kwenye geti la hifadhi, Momella, tukajikuta na siku nzima mkononi, dereva akashauri tuzunguke maziwa ya hapo. Jamani! Flamingo walitanda ukingoni kama kanga iliyoanikwa. Mbele kidogo twiga akasimama kando ya barabara, tukazima gari. Tulisikia kabisa akichuma majani ya mgunga, ulimi mweusi ukipenya katikati ya miiba bila kuchomwa. Hakuna aliyesema neno. Mama yetu mmoja alitokwa machozi.

Kwenye kreta ya Ngurdoto, lile shimo kubwa la volkano, tuliishia juu, maana kushuka ndani hakuruhusiwi. Nyati kule chini walionekana kama punje za pilipili manga.

Gharama ya mzunguko imetoka kwenye akiba ya kikundi, mhazini ataweka risiti hapa kesho. Hakuna anayedaiwa.

Mlio nami: viatu vilivyoloa vijazeni magazeti usiku huu. Tunaondoka saa 3 asubuhi. Meru tutajaribu tena Januari, kukiwa kukavu; anayekuja aandike jina hapa chini.