Simba jike ndani ya kopo la biskuti

Lushoto,
14 Julai 2024

Somo yangu mpenzi,

Habari za huko pwani, na habari za mgeni wetu? Sisi huku tumeshikwa na ile baridi ya Julai unayoijua. Asubuhi ukungu unaziba hata choo cha nje, mtu anatoka kwa kubahatisha. Mama anakusalimu sana, anauliza kama uji unaupata na kama maziwa yanatoka vizuri. Nimemwambia yote ndiyo, ili nipate nafasi ya kuandika.

Kifurushi kinashuka kesho na basi la asubuhi. Kondakta ana namba ya shemeji, amwambie akakipokee stendi. Ni kopo la biskuti la bluu, nimelifunga kwa kipande cha kanga. Ndani mna vitu vinne na kila kimoja kina kisa chake. Ningekutumia sauti WhatsApp, lakini zako mimi nazisikiliza hadi mwisho, zangu wewe unaishia dakika ya kwanza. Barua huwezi kuikata.

Nianze na ambacho hakimo. Nilianza na bundi. Usicheke. Uliponiambia una mimba nilipekua picha za mtandao wa Pinterest usiku kucha, nikaona wenzetu wa Ulaya na Marekani wanavyowapenda bundi kwa watoto wachanga: kofia yenye macho makubwa ya duara, mdomo wa njano, masikio yanayoning'inia. Na kumfuma ni rahisi ajabu, duara mbili tu uso umeshapatikana. Nikafika nusu ya kofia. Mama akaingia, akaiokota, akaigeuzageuza. "Hiki ni nini?" Bundi, mama. Akaiweka mezani kama aliyeshika kaa la moto. "Unampelekea mwana wa mwenzio bundi? Akalie kwenye paa la nani?"

Nikajitetea, nikamwambia milima yetu hii ina bundi wake kabisa, anaitwa bundi wa Usambara, na wazungu wanapanda hadi msitu wa Amani na kamera zao kumtafuta. Mama akasema, wakimpata waondoke naye. Nikasema basi, nifume kinyonga, Usambara tuna sifa ya vinyonga wenye pembe. Hata sikumaliza neno.

Simba ni wazo lake yeye. Unamjua mama, kwake mambo yote yanaanzia kwa Mbegha. Hadithi unaijua, ulishaisikiliza jikoni kwetu hadi ukasinzia na sahani mkononi: mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, kigego, jamaa zake wakamwona mkosi, akaja huku na mbwa wake akiwinda nguruwe, akaua simba, Washambaa wakampa utawala wakamwita Simba Mwene, na wafalme waliomfuata pale Vugha, makao yao makuu, wakaitwa vivyo hivyo. "Fuma simba," mama akasema, "simba hana ubaya na mtu."

Basi nikafuma simba. Dume, somo, tena dume hasa. Nilinunua uzi wa sweta wa rangi ya haradali na wa kahawia, nikachukua kroshia namba 4, nikafuma kofia, suruali yenye mkia na viatu. Manyoya ya shingoni nilikata nyuzi fupi 140, nikazifunga moja moja ukingoni mwa kofia, jioni nne nzima. Ikapendeza mpaka jirani akaja kuomba nimfumie na wa kwake, naye hata mchumba hana.

Kisha ile simu ya shemeji. Wiki 33, kilo moja na gramu 700, msichana. Nilikuwa nimeikalia ile kofia kwenye kochi bila kujua. Shemeji alisema "ni njiti" kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi. Nikamuuliza unaendeleaje wewe, akasema uko salama, ndipo nikapumua. Mama alisema wa miezi saba hana neno, wa minane ndiye wa kuogopwa. Hilo usimwambie nesi, nilimwambia wa hapa kwetu akanicheka: kila wiki inayoongezeka tumboni ni faida kwa mtoto, hakuna cha saba wala nane.

Uliponitumia picha ya ule uzi uliozungusha kichwani kwake ukaulaza kando ya rula, sentimita 30, nilizunguka nyumba nikitafuta kitu cha kipimo hicho. Nikapata kikombe cha bati cha marehemu baba. Nikakivalisha kofia. Ikazama mpaka mezani, simba akabaki amekaa na manyoya yake kama kuku anayeatamia. Mama akacheka kwanza, halafu akanyamaza. Mimi nikaenda nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Sikukwambia siku ile kwa sababu ulikuwa na yako. Nilijiona mjinga, somo. Miezi mizima namfumia mtoto niliyemtengeneza kichwani: wa kilo tatu na nusu, wa kiume, anayelala Lushoto. Maana na hilo nalo, nilifuma kwa baridi ya huku. Uzi ule wa sweta si sufu, ni plastiki iliyosokotwa. Kwa joto la Tanga ni kumfunga mtoto ndani ya mfuko. Na pasi hauwezi, unayeyuka. Wakati huko kwenu nguo ya mtoto ikianikwa nje lazima ipigwe pasi, kwa sababu ya yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, funza wake wakaingia kwenye ngozi.

Nikafumua. Kufumua unakujua, unavuta uzi mmoja na kazi ya wiki mbili inakwisha kabla chai haijapoa. Nikaanza upya kwa uzi wa pamba, ule mwembamba wa vitambaa vya makochi, nyuzi mbili pamoja, kroshia namba 3. Nilijikuta nakumbuka kipindi cha stadi za kazi, sisi wawili dawati moja na kroshia za spoku ya baiskeli alizotutengenezea kaka yako, na kile kitambaa chako kilichotakiwa kuwa duara kikawa kama jani la mgomba. Ulikuwa unasahau kuongeza vitanzi. Mimi nilikuwa naongeza mno, changu kikawa marinda.

Safari hii nilihesabu. Vitanzi 6, kisha 12, 18, 24, kila mzunguko unaongeza 6, hadi duara linafikia upana wake, halafu unaacha kuongeza na kofia inaanza kushuka yenyewe. Upana wenyewe unaupata kwa hesabu ya darasani: kichwa sentimita 30, kofia iwe 28 kwa kuwa inavutika, ugawe kwa 3.14, unapata karibu 9. Mwalimu wetu wa hesabu angelia kwa furaha. Duara la sentimita 9, somo, ni dogo kuliko kitako cha jagi la juisi la mama.

Sasa vilivyomo.

Kofia ndogo ya haradali ndiyo ya kwanza, aivae leo leo ukishaifua. Ni simba jike, kwa hiyo hana manyoya shingoni. Binti yako ameniokoa na nyuzi 140. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa zile nyuzi hata hivyo, kwani mtoto mchanga uzi ukimzinga kidoleni au kwenye kidole cha mguu unakata damu isipite, na yeye hawezi kusema, atalia tu na mtahangaika na gripu wota. Ndiyo maana humo ndani hutaona ncha hata moja inayoning'inia, zote nimezirudisha ndani ya mfumo mara tatu. Macho si vifungo, ni uzi mweusi, na nimemfanya amefumba, kope mbili tu. Kamba za kufunga kidevuni sikuweka, wala usimruhusu mtu kuongeza. Masikio nimeyapandisha juu karibu na utosi. Ulinieleza jinsi anavyofungwa kifuani kwako kichwa kimegeuzwa upande, nikaona sikio la simba lingekuwa katikati yenu, limchome yeye na wewe.

Hilo la kumfunga kifuani nimelisoma sana tangu mlazwe. Lilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitalini mashine za joto hazikutosha, madaktari wakawapa kina mama watoto wao njiti wawabebe ngozi kwa ngozi. Wakaliita la kangaruu. Basi mimi huku nagombana na mama juu ya bundi na simba, kumbe mnyama alishachaguliwa zamani na mwenye mfuko ni wewe. Na kwa kuwa anavaa nepi, kofia na soksi basi, zile suruali zenye mkia hazikuwa na kazi yoyote.

Soksi ndiyo ya pili. Zina unyayo wa waridi kwa chini kama wa paka. Nilizipima kwa kidole changu cha shahada, ni fupi kukizidi. Utaona mishono iko nje, usidhani nimezigeuza kwa bahati mbaya. Ndani ni laini ili vidole visinase. Shingo ya soksi inavutika yenyewe, ikimwachia alama mguuni zivue, nitafuma nyingine.

Nilitaka kuongeza na pweza. Kweli. Kule Denmark tangu 2013 watu wanafuma pweza wadogo wa pamba kwa ajili ya watoto njiti, mtoto anaishika ile mikono kama alivyokuwa akishika kitovu tumboni, asivute mipira ya hospitali. Lakini nikakumbuka kwamba wako yuko kifuani kwako, ana cha kushika, na nikakuwazia wewe unavyomtazama pweza. Ungemtafutia ndimu na pilipili.

Cha tatu ni kofia na suruali kubwa, za pamba pia, za akifika ukubwa wa wenzake. Usiziharakishe. Mkia nimeutoa: mtoto analala chali, mkia unakuwa fundo mgongoni, na mimi nilikuwa nimeushona kwa fahari kabisa pale katikati. Ningejaribu kuulalia mwenyewe usiku mmoja ningejua mapema.

Cha nne ni cha shemeji. Ulivyoniambia na yeye anavua shati anambeba saa zake ili wewe uoge na ulale kidogo, nilikaa nikafikiri. Wanaume wangapi tunaowajua wangekubali wodi nzima iwaone hivyo? Ule uzi wa sweta niliufuma upya kwa kipimo cha kichwa chake, nilichokikadiria kwa picha za harusi, na zile nyuzi za kahawia nilizozifungua moja moja nimezifunga tena, zote 140. Manyoya ya dume yamepata dume. Najua kwa joto la huko atatoka jasho jingi, avae dakika moja tu, apigwe picha, avue. Lakini si akiwa amembeba mtoto! Nyuzi zile zisimkaribie.

Kabla ya kumvalisha vifue vyote kwa sabuni ya mche isiyo na harufu, suuza mara mbili, anika, piga pasi, vya mtoto tu. Cha shemeji pasi ikigusa mtakuwa na simba aliyeungua. Na kofia ni ya sasa akiwa bado mdogo hivi. Mkisharudi nyumbani akinenepa, ukimwona anatoka jasho shingoni akiwa ndani, mvue, mwulize na nesi siku ya kliniki. Mama mkwe wako najua atataka avalishwe kofia mbili na shali. Mwambie somo wa Lushoto, kwenye baridi, amesema moja inatosha.

Huku mengine ni yale yale. Kabichi bei imeanguka tena, barabara ya Soni wanaikwangua, jirani ameanza kuonekana na kijana fulani baada ya ile kofia. Nikiruhusiwa likizo Agosti nitashuka nikae wiki, nikupikie, nikushikie mtoto. Nitakuja na mikono mitupu safari hii, nimekoma kufumia watu nisiowaona.

Jina hujaniambia. Sikulazimishi, najua mnasubiri kwanza atoke wodini. Ila lisiwe langu na lako, tukiitwa watatu tutageuka wote.

Akifikisha kilo mbili na nusu chukua uzi, uzungushe juu ya nyusi na juu ya masikio, ukate, unipigie picha kando ya rula kama ulivyofanya. Usikadirie kwa macho. Na kopo mama analitaka, ndimo anamoweka sindano na vifungo vyake. Anasema chombo hakirudishwi kitupu, lakini wewe mzazi amekusamehe.

Mimi sijakusamehe. Weka dagaa.

Wako,
Somo